Kitovu cha Nathanaeli

Simeoni Alute alikuwa mrina asali, tena mbishi. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza nani kakuambia. Ukimwambia haitanyesha, atakuuliza vilevile. Watu wa kijiji kipya cha jirani na Sepuka walishamzoea, wakamwachia ubishi wake, maana hakuna aliyefika kwake akaondoka bila kulamba asali.

Kijiji chenyewe kilikuwa na mwaka mmoja tu. Mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kutoka makwao walikotawanyika, wakapangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Simeoni alihama na mkewe Anastazia, mwanawe Melkiori, mizinga kumi na miwili na kinyongo kimoja kikubwa. Kinyongo kilitokana na Kilima cha Nyuki. Zamani kilima hicho kilikuwa nyuma ya nyumba yake, na sasa alilazimika kutembea nusu ya asubuhi kukifikia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Sara mke wa Melkiori alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Nathanaeli. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Katika ukoo wa Alute palikuwa na desturi ambayo hata kanisa liliikuta likaiacha. Mtoto wa kiume akizaliwa, babu yake huchukua kitovu kikishadondoka, akakifukia chini ya mti mchanga wa myombo, wenye unene wa kifundo cha mkono, kisha akautia alama mbili za shoka. Mti huo ni wa mtoto. Siku atakapooa, utakuwa umekomaa kubeba mzinga wake wa kwanza. Yote hayo hufanyika kabla mama hajatimiza siku arobaini. Mtoto aliyekosa mti, kwao, alikuwa hajapokelewa duniani, hata angebatizwa mara tatu.

Kitovu kilidondoka siku ya sita. Anastazia alikifunga kwenye kitambaa, akamkabidhi mumewe.

"Baba Melkiori, usikae nacho mfukoni kama ugoro."

"Kesho nimemaliza," Simeoni alisema. "Miyombo iko tele."

Na kweli ilikuwa tele. Kesho yake alifika chini ya kilima, kwenye korongo, ulipokuwa mti wa babu yake. Mti ulikuwa umekufa umesimama, gome limebanduka, zile alama mbili zinaonekana kwa shida. Hilo halikumshangaza, kwa kuwa mti mzee hufa. Akaanza kutafuta mti mchanga pembeni yake. Alikuta miyombo minene, mirefu, yenye mafundo. Mti mchanga hakuuona. Akainama, akapekua majani makavu kwa mikono kama mtu aliyedondosha sindano, akitafuta hata chipukizi la urefu wa kidole. Hakuna. Alizunguka mpaka jua likawa la utosi, na woga ukaanza kumwingia. Miaka arobaini amepita chini ya miti ile akitazama juu, penye mizinga. Hata siku moja hakuwahi kutazama chini akajiuliza watoto wa miti wako wapi. Msitu mzima ulikuwa wa wazee watupu.

Alirudi nyumbani na kitovu mfukoni. Akaenda tena wiki iliyofuata, na nyingine, upande wa mashariki na wa magharibi, akarudi nacho vilevile. Anastazia aliacha kumtania.

Siku ya thelathini na tano alijishusha, jambo gumu kwake, akaenda kumwona Philipo, bwana misitu kijana aliyekuwa na meza kwenye ofisi ya kijiji.

"Shikamoo mzee," Philipo alisema, akainuka.

"Marahaba. Niambie, kwa nini myombo hauzai tena kule kilimani?"

"Mbuzi hao, mzee. Wanakula machipukizi."

"Mbuzi gani? Si mmetuhamishia wote huku barabarani? Kule sasa hata kinyesi cha mbuzi hukioni."

"Basi ni moto."

"Moto uunguze nini? Huu mwaka wa tatu mvua inakata njiani, nyasi hazifiki hata gotini."

Philipo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amefundishwa majibu mawili tu na yote yalikuwa yamekwisha. Akasema kitalu cha kijiji kina miche mizuri ya mikaratusi, mzee achague mmoja aupande uani.

"Mjukuu wangu si nguzo ya simu," Simeoni alimjibu, akaondoka. Lakini njiani aliyawaza yale majibu mawili. Kama si mbuzi wala moto, basi ni kile ambacho mtu hawezi kukifukuza kwa fimbo: jua lenyewe, na ardhi iliyokauka hata mbegu ikianguka inaungua kabla haijaota.

Siku ya thelathini na nane alikwenda kwa mara ya mwisho. Safari hii hakuzunguka, alipanda moja kwa moja. Akaupita mti wa babu yake kule korongoni. Akaufikia wa baba yake, juu kidogo, nusu ya matawi yamekauka. Akapumzika chini ya wa kwake, katikati ya kilima, bado una maua kila mwaka, lakini chini yake ni vumbi. Akapanda mpaka kwa wa Melkiori, penye mawe makubwa. Hapo pia hakuna mti mchanga. Akaendelea, akishika mawe kwa mikono, mpaka karibu kabisa na kilele. Hapo, katika ufa wa mwamba uliotunza unyevu, akauona. Myombo mchanga, unene wa kifundo cha mkono, majani yanang'aa.

Simeoni alifurahi akacheka peke yake. Akachimba kwa ncha ya shoka, akafukia kitovu, akatia alama mbili. Kisha akajinyoosha mgongo, akageuka kutazama chini alikotoka.

Akaanza kuhesabu.

Miti ya ukoo wake ilikuwa imepangana mbele yake, mmoja juu ya mwingine. Babu korongoni, baba juu yake, yeye katikati, Melkiori kwenye mawe, Nathanaeli hapa. Akakumbuka siku walipokuja na baba yake kufukia kitovu cha Melkiori. Mzee alikuwa akihema na kulalamika kwamba miti mizuri iko mbali siku hizi, na yeye alimcheka, akamwambia uzee unamfanya achague sana. Kumbe mzee hakuchagua. Alikuwa akiifuata miyombo, kama yeye leo, na wote wawili hawakujua kwamba inakimbia. Kila kizazi, miti ilipanda hatua moja kufuata ubaridi.

Akageuka kutazama juu. Hatua ishirini, mwamba mtupu, kisha anga.

Akakaa chini. Alikuwa ameona njaa, ameona nzige, ameona watu wakipakiwa kwenye malori na milango ya nyumba zao. Hakuna lililowahi kumshtua kama zile hatua ishirini. Alikaa hapo muda mrefu, mkono kwenye mti wa mjukuu wake, akiogopa hata kusimama.

Nyumbani alisema tu kwamba mti umepatikana. Sara akatoka nje siku ya arobaini, ngoma ikapigwa, Nathanaeli akapokelewa. Babu yake hakucheza.

Mwezi wa tisa, maganda ya miyombo yalipoanza kupasuka na kurusha mbegu, mwenyekiti wa kijiji alikuja kulalamika kwamba Simeoni haonekani kwenye shamba la ujamaa. Anastazia alimkuta mumewe uani akijaza mbegu kwenye mfuko wa ngozi, pembeni kuna kibuyu cha maji na unga wa safari ya siku nyingi.

"Unaenda wapi tena, Baba Melkiori?"

Akamwonyesha upande wa kaskazini, kwenye ule mlima mrefu wa mbali unaoonekana kama moshi.

"Huku miti imefika mwisho, na ile haiwezi kuvuka mbuga peke yake," alisema. "Naenda kumtafutia mtoto wa Nathanaeli pa kufukia kitovu."

Anastazia alitaka kucheka, kwa kuwa Nathanaeli alikuwa bado hajaota jino. Alipouona uso wa mumewe, akaingia ndani kumwongezea unga.