Nyundo ya Baba Mlangoni pa Ofisi

Siku ya kwanza niliingia karakana ya mgodi wa bati, huku Kyerwa, na nyundo ya marehemu baba begani. Kwetu Kaisho mhunzi hafui chuma ugenini kwa nyundo ya kuazima. Msimamizi, Mzungu aliyejua Kiswahili cha amri tu, aliitazama akasema, "Chuma chote kilichomo ndani ya ua huu ni cha mgodi." Akaiweka chini ya mlango wa ofisi yake usijifunge kwa upepo.

Bado nina hasira, sifichi. Kwake kila kitu kilikuwa chuma. Ninyi mnaonunua majembe dukani, jueni metali si kitu kimoja. Bati tulilochimba lilitoka kwenye mchanga mweusi, mzito. Likiyeyushwa ni laini, linapindika. Chuma cha kusubu, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu, ukikigonga kinavunjika. Pua, yaani chuma kigumu, ndiyo tuliyotilia sululu makali: unaipasha ikawa nyekundu, unaizamisha majini. Nyundo ya baba ilikuwa chuma cha tanuri letu wenyewe. Ilipoletwa nyumbani mara ya kwanza wanawake waliipokea kwa nyimbo kama bibi harusi, ikapakwa siagi. Nyundo kama hiyo hairukwi. Mimi niliiruka kila nilipoitwa ofisini.

Baba mdogo ndiye mzee pekee aliyebaki wa kunikabidhi nyundo ile mbele ya ukoo, ndipo nami nimrithishe mwanangu. Alipougua nilikwenda ofisini kuiomba, japo kwa siku moja. Msimamizi akauliza mlango wake utashikwa na nini. Nikamletea jiwe. Akacheka, akanirudisha kazini.

Nilifika Kaisho mikono mitupu.

"Nyundo iko wapi, mwanangu?"

"Imeshika mlango wa Mzungu, baba."

Akageukia ukutani. Tulimzika kabla kahawa haijaiva.

Wasimamizi walibadilika, mmoja mkali, mmoja mlevi, mmoja mpole wa kusali. Wote waliikuta nyundo mlangoni wakaiacha. Siku yangu ya kustaafu meneja alinishika mkono mle ofisini, akausifu utumishi wangu. Niliinama nikaichukua nyundo ya baba, na mlango ukajibamiza nyuma yangu.

Sasa iko chumbani kwangu, naipaka siagi. Mwanangu naye ni mhunzi. Nimemwambia mara nyingi aichukue. Anaitazama tu, hainyanyui, kwa sababu anajua kama nijuavyo mimi kwamba hakuna aliyenikabidhi.