Wimbo Niliouuza Pande Mbili za Mpaka

Watu wakianza kuuimba ule wimbo harusini mimi hutoka nje na kusingizia joto, hata kama ni Juni na Tunduma nzima imejifunika makoti, na marafiki zangu wameniuliza sana nina ugomvi gani na wimbo mzuri vile, nami nimekuwa nikijibu kwamba masikio yangu yamechoka. Basi leo naweka aibu yangu mezani, mcheke mmalize. (Kicheko cha kwanza ni bure, cha pili tutapatana.)

Mimi ni mtunzi wa nyimbo. Wazazi waliniita Tulizo, sijui walikuwa wanamtazama mtoto gani, kwa sababu tangu nizaliwe kukaa mahali pamoja kunaniwasha. Nilianza kutunga Igamba, kwenye kuchuma kahawa, nikiwakejeli kwa nyimbo wale wanaochuma punje mbichi ili ndoo ijae upesi, kisha nikahamia Tunduma na biashara ya vitenge, na huku nikagundua kwamba akina mama wa mpakani wana ushindani mmoja usioisha. Siku ya harusi upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi kila mmoja lazima uingie ukumbini na wimbo wake mpya ambao hakuna sikio lililowahi kuusikia, na kesho yake sokoni haizungumzwi pilau wala gauni, kinachozungumzwa ni nani aliimba nini. Kuingia na wimbo uliokwisha kuimbwa na wengine ni sawa na kumvisha bibi harusi gauni la mitumba likiwa bado na jina la mwenye nalo. Ndipo nikaanza kuuza nyimbo. Mama ananiletea sifa zake, ananipa jina la mwanawe, tunavutana bei mpaka sote wawili tunajiona tumeibiwa, halafu nakwenda kuwafundisha shangazi.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye kaseti. Kulikuwa na kiongozi wa bendi moja ya Mbeya, tulimwita Kapteni, ambaye alishachukua nyimbo zangu akazirekodi, na kwenye karatasi ya kaseti pakaandikwa jina la mpiga gitaa. Nilipomfuata alinijibu kwa upole wa daktari.

"Dada Tulizo, mwanamke anaimba. Ukisema anatunga, watu hawataamini."

Tulibishana hadi chai ikapoa, tukaagiza nyingine nayo ikapoa, mwishowe tukapatana hivi: bendi yake ilikuwa imekodiwa kwenye harusi ya Eda, binti wa Mama Eda muuza mchele, na mimi ndiye niliyeagizwa wimbo wa upande wa Eda. Kama wimbo huo ungewainua watu vitini mbele ya macho yake, angeurekodi, na jina langu lingeandikwa kwenye kaseti, tena mbele, si mgongoni.

Mama Eda alinilipa gunia la mchele wa Kamsamba, na sharti juu yake. "Tulizo, wimbo huu nisiusikie kwa mtu mwingine." Nikaapa. Kiapo kilikuwa cha kweli wakati nakitoa.

Wiki ileile nikavuka mpaka kwenda Nakonde kufuata vitenge, na dukani nikakutana na mwanamke mnene mchangamfu anaitwa BanaGift, yaani mama yake Gift, akanishika mkono kama aliyekuwa ananitafuta, akanisalimu kwa lugha ya kwao na kuniita mama.

"Mulishani, bamayo. Nasikia unatunga. Mwanangu anaoa Jumamosi, nataka wimbo wa kuwanyamazisha wakwe."

Akanitolea vitenge vya nta, vile vizito. Nikavihesabu, nikavihesabu tena, na mara ya pili vilikuwa vizuri zaidi. Tatizo, kichwani nilikuwa na wimbo mmoja tu, ule wa Mama Eda, tena umeshaiva. Kiitikio chake kilikuwa cha Kinamwanga, nawapeni Kiswahili chake: *nilimbeba mgongoni, leo namtoa kwa mikono, mnaompokea, msimweke chini*. Mama wa bibi harusi anaweza kuuimba, na mama wa bwana harusi anaweza. Nikajiambia huku ni nchi nyingine, rais wao mwingine, noti zao nyingine, nani ataubeba wimbo aje kunisuta nao Tunduma? Nikatoa jina la Eda, nikaweka la Gift. Mimi huyu, Mnamwanga mtu mzima, ambaye nusu ya shangazi zangu wanalala upande ule na kuamkia upande huu, nikasahau kwamba mpaka wetu unazuia malori tu.

Mtaniuliza, je, hukumuuliza BanaGift mwanawe anamwoa nani? Sikumuuliza. Anayenunua sifa hataji jina la mkwe, anataja lake na la mwanawe, na mimi nilikuwa nimeshughulika na kuhesabu. Na Jumamosi, siku ileile ya harusi ya Eda? Jumamosi za mpakani zina harusi kama soko lina nyanya.

Siku ikafika. Nimesimama nje ya ukumbi na akina mama wa upande wa Eda, sare zetu zimepigwa pasi, Kapteni yuko ndani anakaza nyuzi za gitaa, mimi miguu haitulii, naenda mlangoni, narudi, naenda tena. Ikaja pikapu kutoka upande wa pili wa mpaka imejaa wanawake, wanaimba kwa sauti ya chini, ya mazoezi. *Nilimbeba mgongoni.* Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa hasira: nani hawa wezi wameiba wimbo wangu? Hasira hiyo ilidumu mpaka BanaGift aliposhuka.

Nikakimbia kwa Mama Eda. "Mama, leo tuimbe ule mwingine."

"Mwingine upi?"

"Nautunga sasa hivi."

Akanitazama. "Mchele uliula?"

"Niliula, mama."

"Basi imba."

Nikazunguka nyuma ya ukumbi, nikamkuta BanaGift anajifuta jasho. Nikamwambia kwamba huku kwetu siku hizi heshima ni upande wa kiume kuingia kimya. Akacheka mpaka akashika pikapu. "Bamayo, nimewatoa wanawake Nakonde, nimewalisha, waingie kimya kama tumekuja kuomba msamaha?" Akanishukuru tena kwa wimbo, jambo lililonichoma kuliko matusi.

Likabaki tumaini moja, mshereheshaji. Nikamwekea soda mbili mbele nikamnong'oneza kwamba mimi ni mtunzi, na ningeomba nyimbo za pande zote mbili azishughulikie kwa namna yake, nikimaanisha aziruke. Akanikonyeza. Nikarudi kwenye nafasi yangu nimepumua. Kumbe kwa soda mbili yeye alielewa nataka zipewe uzito, akashika kipaza sauti akatangaza kwamba leo bendi itanyamaza kabisa, pande mbili zitasimama uso kwa uso katikati ya ukumbi, moja baada ya nyingine, ili kila neno lisikike.

Upande wa Gift ukaanza. Sitasema uongo, waliimba vizuri, niliwafundisha mwenyewe. Walipofika kwenye kiitikio watu wakasimama, safu ya mbele, ya nyuma, hata wapishi wakachungulia na miiko yao, na Kapteni akasimama naye, akanitafuta kwa macho akanyoosha kidole juu. Ndicho nilichokitaka, chote, na ilibidi nitazame sakafu.

Zamu yetu ikafika. Nikafungua mdomo nikiwa na nia ya kuzirai, lakini afya yangu ni nzuri mno, sikuzirai. Shangazi za Eda hawakunisubiri. Wakaanza: *nilimbeba mgongoni*.

Sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Huu wa pili ni mwangwi?" Kicheko kikapasuka. BanaGift akasimama. "Mmetuibia wimbo." Mama Eda akasimama. "Sisi? Ninyi ndio mmetega masikio kwenye mazoezi yetu." Mjomba mmoja wa Gift akachukua kofia yake, na wa pili yake, wakisema kama hivi ndivyo tunavyokaribishwa, mpaka bado uko wazi. Eda akaanza kulia ndani ya shela, polepole, bila sauti, na huyo ndiye aliyenimaliza.

"Nani katunga wimbo huu?" Mama Eda akauliza, akinitazama mimi.

"Ndiyo, nani?" akauliza BanaGift, naye akinitazama mimi.

Mshereheshaji, mtu wa msaada siku zote, akaniwekea kipaza sauti mkononi. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri swali hilo liulizwe mbele za watu. Kapteni alikuwa hatua chache kutoka kwangu, anasubiri jina.

Nikasema, "Hakuna aliyeutunga. Ni wimbo wa bibi zetu, wa kabla ya mpaka. Kila mmoja wenu alikuja kwangu kivyake, nami nikampa cha kwao."

Bibi yake Gift, ajuza mdogo kama kifurushi, akajiinua kwenye kiti. "Ni kweli," akasema. "Tuliuimba nikiwa msichana." (Nilimtazama nione kama ananikonyeza. Hakukonyeza, aliamini.) "Ila mmeuharibu. Siyo *msimweke chini*. Ni *msimtue njiani*." Akauimba, kwa sauti nyembamba, na ukumbi mzima, pande zote mbili, ukamfuata. Wajomba wakaweka kofia chini. Wakwe wakakumbatiana wakiambiana kumbe sisi ni wamoja, na Eda akapangusa uso akacheza.

Baadaye Mama Eda alinivuta pembeni. "Kama ni wa bibi zetu, mchele wangu ulikuwa wa nini?"

"Kukumbuka nako ni kazi, mama."

Hakucheka, lakini hakuudai.

Kapteni ndiye aliyenijia mwisho, gitaa begani. "Dada, wimbo mzuri sana ule. Na bahati yangu, hauna mwenyewe." Akaurekodi. Kwenye karatasi ya kaseti, mbele, palepale nilipopapigania, pakaandikwa neno moja: *Asili*. Ukaimbwa Vwawa, ukaimbwa Kamsamba, ukavuka Nakonde na kurudi. Mwaka mmoja nilikwenda harusini Galula, msichana akanikuta nimesimama kimya akadhani siujui, akanishika mkono akanifundisha mstari kwa mstari. Nilijaribu kumwambia. "Bibi zetu walivyosumbuka nao," akasema, "leo uwe wako wewe, mama?"

Tangu siku ile, mama akija kutaka wimbo, kabla sijagusa kitenge wala mchele namuuliza mwanao anaoana na nani, kwa nani, wa wapi, na nikishajibiwa nauliza tena. Kuhusu ule mmoja, sina wa kumshtaki. Na kinachoniuma kuliko yote ni kwamba nikiuimba mwenyewe jikoni, bila mtu, nasema *msimtue njiani*.