Viatu vya Bwana Kidevu

Maeng Sun-rye alianza kuwatumikia Wamarekani mwaka alioolewa, na hajawahi kukanyaga kwao. Kwanza aliwashonea nywele za bandia, miaka saba. Nywele zilipochuja akawajazia pamba madubu ya kuchezea watoto wao, mpaka mwenye kiwanda akayahamishia madubu kwenye nchi ambayo watu wake wana njaa zaidi. Mwaka 1989, akiwa na miaka arobaini na sita na miwani mipya, akapata kazi ya kuwapaka rangi Wamarekani wenyewe.

"Nywele, dubu, sasa ngozi," alimwambia mumewe, fundi wa mabasi, mtu wa maneno manne kwa siku. "Wakinihitaji tena, itabidi niwazae."

Mumewe alicheka, na hayo yakahesabika kuwa maneno mawili.

Studio yetu ilikuwa jengo la ghorofa nne pale mtaa wa Mullae-dong, katikati ya karakana za vyuma, kwa hiyo kila aliyechorwa humo alichorwa kwa mtetemo. Hadithi ziliandikwa Amerika, sauti zikarekodiwa Amerika, kisha bahasha nene zikapanda ndege kuja kwetu. Sisi wa ghorofa ya tatu tulichora kila mwendo wa mkono na kila kupepesa kwa jicho. Ghorofa ya pili, wanawake thelathini na wanane wenye glavu za pamba walipokea michoro hiyo ikiwa imeshahamishiwa kwenye plastiki angavu, wakaipaka rangi kwa upande wa nyuma, namba kwa namba, kila namba rangi yake, kama kadi ilivyoagiza. Mtu mmoja akicheka kwenye katuni, ni plastiki kumi na mbili. Akipiga chafya, mama mzima hawahi basi la kurudi nyumbani.

Kipindi chenyewe kilikuwa kipya, cha kuchekesha, cha familia. Kulikuwa na baba mwenye kidevu kirefu kama mwiko, mama mwenye shungi, watoto watatu na babu wa meno ya bandia. Walikuwa na majina yao, lakini yaliandikwa kwa Kiingereza, na kwenye chumba cha rangi hakuna aliyepoteza muda nayo. Baba akaitwa Kidevu, mama akaitwa Mama Shungi, yakaisha.

Shida ilikuwa moja. Wapakaji hawakuambiwa hadithi. Walipewa vipande, kama mtu anayesikia ugomvi wa majirani kupitia ukuta, leo tusi, kesho sahani. Na katika kipindi cha tatu, Sun-rye alipewa kilio. Kwa siku tisa alimpaka Mama Shungi amesimama mbele ya sinki, mgongo umepinda, machozi namba tatu yanashuka. Tukio la sitini na mbili. Tukio la sitini na tatu lilikwenda meza nyingine ya studio nyingine, na Sun-rye akabaki na mwanamke analia peke yake jikoni.

"Nani atamfuata?" aliuliza wakati wa chakula, kijiko hewani, supu ya maharage inapoa. "Hawezi kuachwa hivyo."

"Mama Eun-suk, ni plastiki," alisema Mi-gyeong, akimwita kwa jina la mtoto wake kama chumba kizima. Alikuwa binti wa meza ya pembeni, mwenye nywele zilizokaangwa kwa dawa.

"Na wewe nywele zako ni nyasi, mbona tunakuhurumia?"

Bwana Pyo, mkuu wa chumba, alikuwa ameahidi kwamba kipindi cha tatu kikikamilika, Jumamosi saa sita mchana chumba kizima kitapanda ghorofa ya nne kutazama sinema yote. Sun-rye aliisubiri Jumamosi hiyo kama watu wanavyosubiri majibu ya mtihani wa mtoto. Alitaka kujua kama kuna mtu alikwenda jikoni.

Katikati ya kusubiri huko ndipo lilipofika tukio la familia kurudi nyumbani. Kadi ilisema viatu vya wote ni namba kumi na nne, kahawia. Sun-rye alipaka kumi na nne uani, kumi na nne ngazini, kumi na nne mlangoni.

"Mama Eun-suk," Mi-gyeong akaita, "hapa wameshafika sebuleni. Bado kumi na nne?"

"Sebuleni na viatu?" Sun-rye alivua miwani. "Lete nione. Ala! Aliyeandika hii kadi alikuwa amekunywa. Paka namba moja, nyeupe. Soksi."

"Lakini kadi inasema..."

"Kadi inasema nini kuhusu akili? Hawa watu wana gari mbili, Mi-gyeong. Mtu mwenye gari mbili ataingia kwake na viatu kama ng'ombe?"

Viatu vya katuni ile havikuwa na kamba wala kisigino. Ukivipaka nyeupe, ni soksi kabisa. Na kwa kuwa Sun-rye ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, meza nzima ikamfuata. Plastiki mia sita na kumi na mbili. Ilipotoka ile kazi, alijisikia kama mtu aliyemsitiri jirani nguo ilipomvuka hadharani, bila jirani kujua.

Alichokuwa hajui ni kwamba matope yalichorwa ghorofa ya kwanza, na watu wa mandhari, wachoraji wa nyumba, sakafu na kila kisichotembea, ambao hawaongei na mtu.

Ijumaa asubuhi Bwana Harlan, msimamizi aliyetumwa kutoka Amerika, aliitazama filamu. Familia ikashuka garini, ikavuka mlango, ikatembea sebuleni kwa soksi nyeupe pee, na nyuma ya kila soksi likabaki bonge la tope jeusi.

Pyo alishuka ngazi kabla taa haijawashwa. Harlan alimfuata, akavua viatu vyake mlangoni kama sheria ya chumba cha rangi inavyotaka, kwa sababu ya vumbi, akajibana kwenye ndara za plastiki za waridi zilizomwachia visigino nje.

"Nani?" Pyo alinguruma. "Nani mwenye soksi? Asiposimama sasa hivi, kesho hakuna sinema. Kwa yeyote!"

Vichwa thelathini na vinane viliinama. Kikainuka kimoja. Mi-gyeong alimvuta Sun-rye aproni, lakini wapi.

"Ni mimi, Mkuu. Hawa niliwaambia mimi."

Harlan akasema maneno mengi sana. Pyo akatafsiri: "Anauliza kwa nini."

"Mwambie aangalie miguu yake," alisema Sun-rye.

"Sitafsiri hiyo."

"Basi mwambie nyumba ile naifahamu. Nimempaka yule mama akipiga deki, nimempaka akikamua tambara, wiki nzima. Hana mtu wa kumsaidia. Sikuweza kuwaingiza na viatu juu ya kazi yake."

Pyo alitafsiri kwa uchungu. Harlan akajishika paji la uso, akaongea polepole, na Pyo akatafsiri kipande kwa kipande. "Anasema... ndiyo sababu analia. Ametoka kung'arisha sakafu, wao wanaingia na matope. Hakuna anayeona. Anakwenda jikoni."

Sun-rye alikaa.

"Kumbe ni makusudi?"

"Ndicho kichekesho chenyewe."

"Kichekesho." Alilizungusha neno mdomoni kama mfupa wa samaki. Kisha akainua macho. "Na baadaye, Mkuu? Muulize. Kuna mtu alimfuata?"

"Wewe huulizi!" Pyo alikuwa amekumbuka cheo chake. "Kesho wenzako wakipanda kutazama, wewe utabaki hapa unakwangua. Jumatatu asubuhi plastiki zote zirudi kamerani kupigwa picha upya, kahawia. Zisiporudi, usirudi na wewe."

Harlan aliuliza kitu. Pyo akamjibu kwa tabasamu, na hakuna aliyejua walichosemezana.

Jumamosi Sun-rye alikuja amevaa koti la harusi, lile la kuendea harusi za watu, kwa kuwa alikuwa ameshalipiga pasi tangu Jumatano na hakuona sababu ya kulikomoa. Akafunga aproni juu yake. Saa sita wenzake walipanda, wakipita kwa aibu ukingoni mwa meza yake. Akabaki na kijiti cha mwanzi, bakuli la maji na pamba, anang'oa soksi.

Ngazi zilileta vicheko. Kikaja kicheko kikubwa, bila shaka cha soksi na matope. Kisha kimya kirefu. Mkono wake ukasimama. Kisha kicheko kingine, chembamba, cha wanawake tu.

Walishuka wote kwa pamoja wakigombania mlango.

"Alimfuata!" Mi-gyeong alipiga kelele kabla hajavaa ndara. "Kidevu! Alimfuata jikoni!"

"Ngoja, anza mwanzo," alisema mwingine.

"Mwanzo anaujua, kaupaka yeye! Sikiliza, Mama Eun-suk. Analia, analia, mara Kidevu huyo mlangoni. Amesimama hivi." Mi-gyeong akasukuma kidevu mbele, akaning'iniza mabega. "Akasema maneno matatu."

"Manne!"

"Ulielewa hata moja, wewe? Kwa Kiingereza. Halafu mama akageuka, akamwangalia miguuni, akacheka huku pua inamvuja."

"Miguuni? Kwa nini miguuni?"

"Si amevishika viatu mkononi! Tena sijui kavitoa wapi, maana alikuwa na soksi tangu mlangoni. Hapo hatukuelewa."

Chumba kikamsubiri aelewe yeye. Sun-rye aliangalia plastiki iliyokuwa mbele yake, mguu wa Kidevu, nusu nyeupe, nusu umekwanguliwa.

"Alivivua," alisema. "Kwa ajili yake. Akavibeba mkononi amwonyeshe." Alijipangusa jicho kwa mgongo wa glavu, akabaki na doa jeupe shavuni. "Na mimi nilishamvua mapema, mjinga mimi. Na deki? Alipiga nani?"

Walitazamana.

"Hawakuonyesha. Tukio lililofuata sakafu ilikuwa safi tu."

"Basi ni yeye. Haya, aendaye mbali hafiki kwa siku moja."

Mi-gyeong alivuta kiti. Wakavuta na wengine, meza baada ya meza, wakaanza kugawana plastiki, kumi na sita kila mmoja. Pyo alichungulia mlangoni, akawaona, akaamua ana simu ya kupiga.

Sun-rye alikoroga chupa ya kumi na nne mpaka ikawa nzito.

"Pakeni nene," alisema. "Kisionekane hata kitundu. Mtu asiyevaa viatu atavua nini?"