Kitabu cha Kusoma kwa Sauti

Himid alifika na boti mkesha wa Idi. Kabla hata ya kuyagusa maji aliyoletewa, alifungua begi akatoa vitabu viwili, akaviweka juu ya jamvi mbele ya Mwatima. Kimoja kilikuwa kinene kama tofali, jalada lake limepauka pembeni. Cha pili chembamba, kipya, bado kinanuka wino. Halafu akatia mkono mfukoni akatoa flashi nyeusi, akaiweka juu ya kile chembamba.

"Chagua," alimwambia. "Kimoja n'takuachia, kimoja n'narudi nacho Unguja. Kuna mwenzangu kazini anakisubiri. Flashi ni yako ukiitaka, ila usimwambie mtu kuwa nimekupa mie."

Himid alikuwa mtoto wa mjomba wake Mwatima, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mjini Unguja. Mwatima naye alikuwa fundi, au alikuwa akiitwa hivyo zamani, alipokuwa na meza yake katika duka moja karibu na soko la Chake Chake. Watu walimletea kompyuta zilizojaa vumbi na virusi, naye akizifungua, akizipuliza, akizirudisha zinafanya kazi. Kisha baba yake, Mzee Matano, aliyeendesha lori la karafuu tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa, akaanguka asubuhi moja akiwa anatia udhu. Kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia. Kikamchukua na maneno pia. Katika maneno yote aliyokuwa akiyasema mtu yule, mcheshi aliyejulikana kila kituo cha karafuu kutoka Pujini hadi bandarini Wesha, lilibaki moja tu: Asya. Ndilo jina la mkewe, marehemu mama yake Mwatima.

Akitaka maji, alisema Asya. Akiumwa, Asya. Akitaka kugeuzwa, Asya. Mwatima akajifunza kuitika jina la mama yake.

Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba yeye ndiye abaki nyumbani. Kaka yake Mbarouk alikuwa Maskati na kazi yake na watoto wake. Shangazi yao, Bi Mwanapili, aliishi nyumba ya pili, lakini mgongo wake haukumruhusu kumnyanyua mtu. Mwatima aliomba ruhusa ya wiki moja dukani. Wiki ikawa mwezi, na siku moja akapita sokoni kununua dagaa, akaona kwenye meza yake amekaa mtu mwingine. Alimsalimia akapita.

Tangu hapo dunia yake ilikuwa vyumba viwili, ukumbi na uwa. Alijua sauti ya kila bodaboda ya mtaani. Alijua ni saa ngapi kwa kutazama jua lilipofika kwenye ukuta wa jikoni. Akitoka, alitoka mbio, na popote alipokwenda, sikio lake lilibaki nyumbani.

Ndipo aliposikia habari za kampuni moja ya Dar es Salaam iliyotafuta watu wa kuangalia mashine za wateja wake kwa mbali. Mtu aweza kukaa kwake, popote, madhali ana mtandao. Ila lazima awe na cheti cha usimamizi wa Linux, mfumo endeshi unaotumika kwenye mashine kubwa za maofisini. Mwatima aliisoma habari ile kwenye simu mara nyingi. Ilikuwa kazi ya mtu asiyeweza kutoka. Mbarouk aliposikia alimlipia mtihani. "Ni mara moja tu, dada'angu," alimwambia kwa simu. "Ukianguka, mwaka huu sitoweza tena."

Kwa hiyo uchaguzi wa kitabu haukuwa jambo dogo.

"Hiki chembamba," Himid alieleza, "kimeandikwa kwa mtihani wa sasa hivi. Maswali na majibu, maswali na majibu. Hiki kinene kinakufundisha jambo tangu mzizi wake, lakini ni toleo la nyuma. Mtihani umeshabadilika baadhi ya mambo. Na humu kwenye flashi mna maswali yenyewe."

"Yenyewe vipi?"

"Yenyewe. Watu wameingia mtihani wakayatoa. Mie nilipita kwa hayo." Alisema bila kuinamisha macho, kama mtu anayekuelekeza njia ya mkato. "Usinitazame hivyo. Weye huna muda wa kusoma tofali, Mwatima. Mie n'nakuona unavyoishi."

Hilo la mwisho lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Alianza na flashi, na hakumficha Mungu. Usiku wa Idi haukufika, alishakariri kurasa mbili akiwa anakuna nazi. Kichwa chake kilikuwa chepesi bado, na hilo lilimfurahisha. Kisha akajijaribu. Akafumba macho, akaliona swali, akaliona jibu, herufi C. Akajiuliza hiyo C maana yake nini. Hakujua. Aliona tu herufi, imekaa peke yake. Akajifikiria ameshaipata kazi, mashine ya hospitali fulani huko bara imegoma mikononi mwake, hana wa kumuuliza, na anachokijua ni herufi C. Tena ule ulikuwa wizi, hata kama kila mtu anaufanya. Akaichomoa flashi akaifunga kwenye kipande cha khanga, ili Himid aondoke nayo.

Vikabaki vitabu viwili, na hapo akili yake ilielekea kwenye kile chembamba. Kilikuwa kipya, tena kilifaa maisha ya vipande vipande. Swali moja uji ukichemka, jingine nguo zikiloweka. Angeweza kukiweka chini wakati wowote alipoitwa, na asipoteze kitu.

Siku ya Idi wageni walijaa. Kila aliyekuja aliingia chumbani kumpa mkono mgonjwa, na kila mmoja Mzee Matano alimwita Asya, na baadhi yao walitoka wakifuta macho. Walipokwisha kuondoka, mzee alichafukwa. Alipiga kitanda kwa mkono wa kushoto, akaita na kuita. Mwatima alimpa maji, akamgeuza, akamtazama mgongo. Hakuwa na haja ya lolote. Alikuwa anaita tu.

Mwatima alichoka. Akaketi sakafuni kando ya kitanda, na kwa kuwa kitabu kinene ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake, akakifungua. Akaanza kusoma kwa sauti, si kwa ajili ya baba yake, bali ili asikie kitu kingine mbali na lile jina. Ilikuwa sura inayoeleza mashine inavyoamka. Alisoma mstari kwa Kiingereza, kisha akajifasiria mwenyewe kwa maneno ya nyumbani. Kwamba ukibonyeza kitufe, mashine haiamki yote mara moja. Kwanza huamka kitu kidogo kisichojua lolote ila kumtafuta mwenzake. Huyo naye huuita moyo wa mfumo, na moyo ukishapiga ndipo huduma nyingine zinapoanza, moja baada ya nyingine, kila moja ikingoja zamu yake.

Aliponyanyua kichwa, chumba kilikuwa kimya. Baba yake alikuwa anamtazama.

"Ni kama lori, Baba," alimwambia. "Ufunguo, betri, stata, ndio injini ishike. Ikikataa kuwaka, huanzi kuvunja gia. Unafuata njia hiyo hiyo mpaka ujue imekwama wapi."

Mzee akatoa sauti kooni. Haikuwa neno, lakini Mwatima aliijua. Ndiyo sauti aliyokuwa akiitoa zamani, kila utingo wa lori lake alipomjibu sawasawa.

Siku ya pili akajaribu kumsomea kile chembamba. Swali, kisha A, B, C, D. Swali, kisha A, B, C, D. Hakufika ukurasa wa pili, mkono wa kushoto ukaanza kupiga kitanda. Akarudi kwenye kinene, akasoma habari za ruhusa za mafaili, nani mwenyewe, nani wa kundi lake, nani mtu wa nje, na nini kila mmoja anaruhusiwa kugusa. Mkono ukatulia. Kabla ya adhuhuri mzee alilala usingizi wa kweli, na Mwatima akaendelea kusoma kwa sauti ya chini, akiogopa kunyamaza.

Himid alipokuja kuaga alikuta jibu lake limefungwa kwenye mfuko: kitabu chembamba na flashi.

"Umechagua toleo la nyuma kwa ajili ya mgonjwa?" aliuliza.

"Mgonjwa ndiye n'nayeshinda naye," alijibu Mwatima. "Kitabu nisichoweza kusoma mbele yake sitokisoma kabisa."

Basi wakakaa na kile kitabu, yeye na baba yake, mvua za masika zikaja zikapita. Sura zilikuwa ndefu na nyingine hazikumwingia. Palipokuwa pamepitwa na wakati alipatafuta kwenye simu, akisimama uwani kwenye pembe moja tu mtandao uliposhika, akayanakili yaliyobadilika pembeni mwa ukurasa kwa kalamu ya risasi. Zilikuwepo siku alizokichukia. Zilikuwepo siku alizomchukia na aliyekuwa kitandani, kisha akaomba msamaha kwa Mola wake na kwenda kumpikia uji. Lakini alikuwa anaelewa. Kidogo kidogo, kitu kilichokuwa giza kilianza kuwa na vyumba na milango.

Mtihani wenyewe ulifanyika nyumbani, kwa kompyuta, na mtu wa nchi nyingine akimtazama kupitia kamera. Masharti yalikuwa magumu kuliko maswali. Awe peke yake chumbani. Mlango ufungwe. Asiseme neno, asiinuke, asitazame pembeni. Akivunja moja, mtihani unafungwa hapo hapo. Mwatima alimwomba shangazi yake aje akae na mgonjwa asubuhi hiyo.

"Nenda, mwanangu," Bi Mwanapili alimwambia. "Mie nipo hapa kitako."

Akafunga mlango. Akazungusha kompyuta ili yule asiyemjua akione chumba chake, kitanda chake, msala wake wa kuswalia uliokunjwa. Maswali yakaanza, na alipolisoma la kwanza alilijua. Halikuwa herufi, alilijua lenyewe.

Alikuwa amefika katikati aliposikia, kwa mbali, kutoka chumba cha pili, "Asya."

Akangoja sauti ya shangazi yake ijibu. Haikujibu.

"Asya."

Mkono wake ulisimama juu ya kitufe. Aliibana midomo yake ili asiitike. Kamera ilikuwa ikimtazama kwa taa yake ndogo. Akasoma swali, akalisoma tena, maneno yakawa yanapita bila kushika. Kule nje jina liliendelea, mara kwa haraka, mara kwa kuvuta, na aliijua maana ya kila moja. Hili lilikuwa la maji. Hili lilikuwa la haja. Shangazi yuko wapi? Angeweza kuinuka. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Angefika kwa baba yake, na mlango mwingine, ule wa pekee, ungefungwa.

Hakuinuka. Alijibu swali, akajibu la pili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa hakujua kama kupeleka mkono usoni kunaruhusiwa.

Kisha kukawa kimya. Kimya kile kilikuwa kibaya zaidi kuliko kuitwa, na alikibeba mpaka swali la mwisho. Kioo cha kompyuta kikafikiri kidogo, kikamwambia amepita. Hakukisoma mara mbili. Aliufungua mlango akakimbia.

Mzee Matano alikuwa ameteleza kutoka kitandani, ameketi sakafuni, ameegemea kitanda. Hakuumia. Shuka na jamvi vilikuwa vimelowa. Alikuwa amegeuza uso ukutani, na Mwatima alipopiga magoti mbele yake, hakumtazama.

"Baba, nisamehe. Nilikuwa ndani. Nilikusikia." Alisema hivyo kwa kuwa uongo wowote ungekuwa mbaya zaidi.

Akachota maji ya moto, akamkosha, akambadilisha, akamnyanyua kidogo kidogo mpaka akamrudisha kitandani. Mzee alijiachia anyanyuliwe kama mzigo. Siku nzima ile hakuita.

Bi Mwanapili alirudi alasiri, kashika buibui mkononi. Mkwewe alishikwa na uchungu ghafla, wakamkimbiza hospitali, na yeye akaondoka nao bila kufikiri. Mtoto alikuwa wa kike, mzima.

"Mie nilijua weye upo ndani," alisema, sauti yake ikipungua alipouona uso wa Mwatima.

"Nilikuwepo," Mwatima alijibu.

Kazi aliipata, na mpaka leo anaifanya, meza yake imewekwa chumbani mwa mgonjwa, chini ya dirisha. Ni kazi nzuri. Msimamizi wake, dada mmoja wa Dar aitwaye Kauthar, humsifu. Mara mbili amemwita kwenda huko kwa mafunzo ya kupandishwa daraja, na mara mbili Mwatima amejibu inshallah, kisha ameandika kuwa hatoweza. Wenzake waliojiunga pamoja naye wameshapanda. Yeye huamsha mashine za miji asiyoifahamu, na jioni huosha vyombo.

Baba yake alianza tena kumwita baada ya siku kadhaa. Lakini huita mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha hungoja. Asipokuja, harudii. Ndiyo maana Mwatima amezoea kugeuka kumtazama kila baada ya muda, hata akiwa kazini, hata pasipo na sauti yoyote.

Juzi alikuja msichana wa jirani, Mwanawema, aliyemaliza chuo na anayetaka kufanya mtihani ule ule. Aliuliza asome kitabu gani, maana ameambiwa viko vingi na kila mtu anasema lake.

"Nyumbani kwenu mchana hubaki na nani?" Mwatima alimuuliza.

"Peke yangu," alisema Mwanawema, hakuelewa kwa nini anaulizwa hivyo. "Wote wanakwenda kazini."

"Basi huna wa kumsomea," Mwatima alimwambia. Kisha akamwandikia kwenye simu jina la kile kitabu chembamba, toleo jipya, akamwambia akimaliza kila sura aifanye kwa mikono kwenye mashine yake, asikariri. Akamsindikiza mpaka mlangoni. Jua lilikuwa limeshafika ukuta wa jikoni, na uji ulikuwa bado haujainjikwa.