Barua ya Kurasa Nne

Kibao cha ofisi yangu pale Lipangalala kimeandikwa: Fidelis Lukelo, Wakili, Mshauri wa Biashara, Siasa na Sheria za Afya. Siasa niliiongeza mwenyewe baada ya kumwandikia diwani mmoja rufaa ya kura za maoni. Alishindwa, nami nikabaki na tabia ya kuandika kurasa nyingi. Wateja wangu hasa ni wenye maduka ya dawa. Wengi huja kwangu kwa sababu ofisi ya wakili mwenzangu iko ghorofani nao wana magoti mabovu.

Stefania alikuja mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Ana duka la dawa la chumba kimoja huko Michenga. Wakaguzi walipita wakakuta cheti cha kibali chake hakijatundikwa ukutani. Alikuwa amekificha nyumbani sandukuni, panya wasije wakakitafuna. Kamati ya dawa ya wilaya ikamtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, la sivyo kibali chake kisimamishwe.

"Wakili, niandikie tu kwamba nimekosa na nimeshakitundika," alisema.

Nilicheka. Yaani miaka yote ile niliyosoma, nikaandike sentensi moja? Hiyo hata mjumbe wa mtaa angeiweza.

Nikamhoji. Akaniambia kwamba msimu wa kupandikiza mpunga watu huhamia mashambani, wakalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kijiji kikabaki na kuku na wazee. Naye akifunga duka jioni hupanda baiskeli na kikapu cha dawa za malaria, akawafuata hukohuko. Kusema kweli, machozi yalinilengalenga. Nikaandika yote: njia anazopita, idadi ya madungu, hata rangi ya baiskeli. "Mteja wangu, kwa moyo wa uzalendo, huwafikishia wananchi dawa hadi shambani." Kurasa nne!

Nilipomsomea, Stefania alikuna kichwa. "Hayo ya kikapu lazima yawemo?"

"Dada, hapo ndipo penye uzito," nikamjibu, nikagonga muhuri.

Siku ya kikao, mwenyekiti wa kamati, mama Aikande, alisoma ukurasa wa kwanza akionekana ameridhika. Cheti kimetundikwa, basi. Ningekuwa na akili ningemnyang'anya zile kurasa tatu zilizobaki. Alipofika ukurasa wa tatu akavua miwani.

"Wakili, kibali hiki ni cha kuuzia dawa wapi?"

"Dukani, mheshimiwa."

"Na baiskeli nayo ni duka?"

Kanuni hiyo naijua kwa moyo, huwa naifundisha kwenye semina: dawa haziuzwi nje ya jengo lililosajiliwa. Mdomo uliponza kichwa, ila kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu. Kibali cha Stefania kilisimamishwa hadi mwisho wa mavuno.

Tulipotoka nje nikaanza kumweleza habari za rufaa. Nilikuwa na aibu, na mimi nikiona aibu huongea sana.

"Itachukua muda gani?" akaniuliza.

"Miezi miwili. Mitatu."

"Homa ya mtoto haisubiri miezi miwili. Twende ukanisaidie kuwaambia wasiningoje, wawahi zahanati."

Tukaenda, yeye akikokota baiskeli, mimi nikizama kwenye matope na viatu vyangu vya mahakamani. Kila dungu nilitangaza kwamba huduma imesitishwa kwa mujibu wa kanuni. Watu walinisikiliza kwa adabu, kisha wakamgeukia Stefania awaambie nilichosema.

Kwenye dungu la sita alitoka mama mmoja, Klementina, mtoto akiwa mgongoni. Alimsalimia Stefania, akatazama kikapu kitupu.

"Nani kakuchoma kwa kamati?"

"Taarifa zilizowasilishwa mbele ya kamati…" nikaanza.

Stefania aliinamia mnyororo wa baiskeli akajifanya anaurekebisha. Angenitaja ningepumua.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikuwa namsifia."

Klementina alimshusha mtoto mgongoni, akamgusa paji la uso, akamuuliza Stefania zahanati inafunga saa ngapi.

"Saa tisa na nusu," Stefania akasema. "Panda baiskeli. Wakili atakusukuma."