Mzinga wa Nyuki

Mwenzangu wa Igoma alikuwa na kipande kimoja tu. Mimi nilikuwa navyo kumi na vinne, na bado mwenye wivu nilikuwa mimi.

Tangu nistaafu kufundisha Kiswahili nimekuwa nikikusanya mabaki ya vita vya meli, vile ambavyo Waingereza na Wajerumani walipigana humu ziwani enzi za babu zetu: maganda ya risasi, misumari ya shaba, vipande vya bomba. Nimevinunua kwa wavuvi na kwa wauza vyuma chakavu wa Mirongo. Ukiniuliza kipi kilitoka meli gani, naanza kukohoa.

Yeye, fundi wa kuchomelea, alikuwa na pete ya chuma yenye kutu, pana kama mdomo wa sufuria. Na karatasi. Babu yake aliiandika kwa mkono wake, ikatunzwa ndani ya Biblia ya familia. Karatasi hiyo ndiyo iliyonichoma. Kwa nini yeye, ambaye hata hakuhangaika kuitafuta?

Mwaka jana kilifunguliwa chumba cha maonyesho mjini, na kabati la vioo lilikuwa limebakiza nafasi moja. Dada msimamizi akatuita wote wawili.

“Shikamoo mwalimu. Hebu tusomee, mwandiko huu umenishinda.”

“Marahaba.” Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti: “Hiki ni kipande cha mzinga. Nimekiokota ufukweni.”

Nikaigeuza karatasi, nikasoma nyuma kimoyomoyo, nikairudisha ilivyokuwa.

“Mzinga upi?” nikamuuliza mwenzangu. “Babu yako si alikuwa anafuga nyuki kule Buswelu?”

“Alifuga, ndiyo.”

“Basi ndio huo. Pete ilifunga gogo lisipasuke.”

Dada akacheka, kisha akajizuia. Mwenzangu hakubisha. Nani abishane na mwalimu wa Kiswahili juu ya neno la Kiswahili? Akaiviringisha pete yake kwenye kanga aliyokuja nayo.

“Asante mwalimu,” akasema. “Ningeumbuka mbele za watu.”

Ganda langu kubwa ndilo lililoingia kabatini. Ijumaa huwa naenda kulitazama. Chini yake pamebandikwa kikaratasi: “Asili haijulikani.” Wageni wanakisoma, wanapita.

Nyuma ya karatasi yake babu yule aliandika: “Ulipolia mara ya pili, meli yao ikageuka.” Mzinga wa nyuki haulii. Nililijua hilo palepale, miwani ikiwa machoni.