Damu Ilikumbuka Alichosahau Fundi Opondo

Saa mbili asubuhi, Laini Saba, Kibera. Lazarus Opondo anapaka rangi ya samawati sanduku la bati la mwanafunzi. Mkasi wa kukatia bati ameushika mwenzake, Wepukhulu.

"Nikikupatia huu mkasi, tutauzia watu masanduku yasiyofungika," Wepukhulu anamtania.

Opondo, mwenye miaka 43, ni fundi wa masanduku tangu ujana. Hakuwahi kuwa na daftari. Mteja alitaja urefu, upana na kina, naye akavibeba kichwani wiki nzima.

Halafu ikaja pombe ya chang'aa, miaka kumi na tisa. Mwaka jana alikata vifuniko sita, vyote vifupi kuliko masanduku yake.

"Wepukhulu akachukua mkasi. Akaniambia nitaupata kichwa kikirudi," anasema.

Akaenda kliniki moja ya Kabiro, Kawangware, inayopima damu na kumbukumbu za wanywaji pombe. Ili asijulikane kuwa bado anakunywa, alikaa siku mbili bila kuonja, akatafuna chingamu ya PK njia nzima.

Muuguzi, Christine Nelima, alimtajia maneno matano, akamwomba ayarudie baadaye. Alikumbuka moja tu.

Majibu ya damu yalipotoka, Nelima alimtazama. "Fundi, PK haifiki kwa ini. Umekunywa kila siku, miezi mingi."

"Mimi mwenyewe," Opondo anasimulia, "sikukumbuka nilikunywa wapi na nani. Damu ilikumbuka."

Nelima anaeleza kwamba baadhi ya vipimo hubaki juu wiki kadhaa baada ya glasi ya mwisho. Alimkanya pia asiache ghafla akiwa peke yake, kwani mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege. Akamwanzishia dawa za kumsaidia kuacha.

Huu ni mwezi wa tano tangu aache pombe. Adhuhuri, Opondo anarudi kutoka Kabiro kwa miguu, karatasi ya majibu mkononi. Vipimo vya ini vimekaribia kawaida. Maneno aliyokumbuka: manne.

Wepukhulu anaisoma mara mbili. "Aki, hii ni kichwa yako kweli?"

Anamkabidhi mkasi. "Futi tatu, moja na nusu, moja. Kwanza maliza kupaka rangi, ndio ukate."

Baada ya saa nzima, Opondo anakata bati bila kuuliza tena vipimo. Kifuniko kinakaa sawasawa. Anakifungua, anakifunga, anakifungua tena.

Shule zikifunguliwa Januari, anataka kupokea oda mwenyewe.

Na lile neno la tano?

"Bado limenikataa," anasema. "Lakini zamani sikujua hata kama kuna kitu nimesahau."